Safari, Ubwato na Ihema: Historia ya Safari za Mto Akagera na Nafasi ya Kiswahili Nchini Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya safari katika bonde la Mto Akagera, mashariki mwa Rwanda, kwa kufuatilia maneno yaliyotumiwa na watu waliolipitia bonde hilo kwa miguu na kwa mitumbwi. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kilifika Akagera kikiwa lugha ya kazi: lugha ya wapagazi, askari, wakalimani na mabaharia wa misafara. Baadaye neno safari lilichukuliwa na lugha za Ulaya, likafanywa jina la burudani ya uwindaji, kisha ya utalii, na limerudi Afrika Mashariki likiwa limepoteza kumbukumbu ya kazi hiyo. Makala yanaonesha pia kwamba mto wenyewe una historia ya vivuko, mipaka, uhamaji na mauaji ya kimbari, ambayo haiwezi kuelezwa kwa dhana ya pori lisilo na watu. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, makala yanapendekeza kwamba matumizi yake katika utalii wa mto yajengwe juu ya historia hii, pamoja na istilahi ambazo tayari zinaishi katika Kinyarwanda na lugha jirani.

1.0 Utangulizi

Ziwa kubwa kuliko yote katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera linaitwa Ihema. Lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 90, na juu ya maji yake mashua hupeleka wageni kutazama viboko, mamba na ndege wa kwenye mafunjo. Katika Kinyarwanda, ihema ni hema. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa: neno la Kiarabu liliingia Kiswahili cha pwani, likabebwa na misafara hadi bara, na huko likapokelewa na Kinyarwanda kwa kupewa kiambishi chake. Simulizi inayosikika mara kwa mara hifadhini hulihusisha jina la ziwa na hema la Henry Morton Stanley, aliyefika eneo hilo mwaka 1876.

Simulizi hiyo humkabidhi Stanley ziwa. Neno lenyewe linawataja watu wengine. Hema la msafara halikusimamishwa na mkuu wa msafara. Lilibebwa begani na mpagazi, likafunguliwa jioni, likapigwa, na asubuhi likakunjwa tena na watu waliolitaja kwa Kiswahili. Kama jina la ziwa ni kumbukumbu ya safari, basi ni kumbukumbu iliyoandikwa kwa lugha ya wachukuzi.

Jambo hili lina uzito wa kisera. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tangu wakati huo, mijadala mingi kuhusu nafasi ya Kiswahili nchini humo imekihusisha na biashara ya kikanda, elimu na utalii. Mara nyingi lugha huonekana katika mijadala hiyo kama kitu kinachoingizwa kutoka nje na kuhitaji kupandikizwa. Historia ya Akagera inaonesha picha tofauti. Kiswahili kilikuwapo mtoni kabla ya hifadhi, kabla ya mpaka wa sasa, na kabla ya Kigali kuwa mji.

Kijiografia, Kigali na Akagera haziwezi kutenganishwa. Maji ya Nyabugogo, yapitayo mjini, huingia Nyabarongo. Nyabarongo hukutana na Akanyaru, na mto unaotokana na maji hayo, ukishapita Ziwa Rweru, hujulikana kama Akagera. Huungana na Ruvubu karibu na maporomoko ya Rusumo, ukaelekea kaskazini kando ya hifadhi, kisha ukageuka mashariki kwenda Ziwa Viktoria. Nchini Tanzania mto huohuo huitwa Kagera: tofauti ni irabu tangulizi ya Kinyarwanda, ambayo Kiswahili hakina. Tofauti ya irabu moja inatosha kuonesha kwamba hapa lugha mbili zimekuwa zikitazama maji yaleyale kutoka kingo mbili.

2.0 Safari kama kazi

Neno safari lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limekuwa na maana pana tangu zamani. Mtu huenda safari ya hija, ya biashara, ya msiba au ya shamba. Neno hilo hutumika hata kuhesabu matukio, kama katika usemi safari hii, yaani mara hii. Hakuna katika maana hizo chochote kinachodai kuwapo kwa wanyama wa porini.

Katika karne ya 19, safari ya bara ilikuwa shughuli yenye mgawanyo wa kazi. Ilikuwa na wapagazi waliobeba mizigo, askari waliolinda, wanyapara waliosimamia, wakalimani waliozungumza na watawala, na wapishi. Wengi wao walitoka Unguja, mrima na Unyamwezi. Kiswahili kiliwaunganisha kwa sababu kazi ilihitaji amri, hesabu, mapatano ya ujira na maelezo ya njia yanayoeleweka na wote. John Hanning Speke alipofika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, alimtegemea Sidi Mubarak Bombay, ambaye waliwasiliana kwa Kihindustani, na ambaye aliweza kuligeuza neno la Mzungu kuwa Kiswahili na kulifikisha katika msafara. Bila mnyororo huo wa lugha, Speke asingeweza kuzungumza na Rumanika, mtawala wa Karagwe.

Karagwe, iliyoko ng'ambo ya mashariki ya mto, ilikuwa mwisho wa njia kwa wafanyabiashara wengi wa pwani waliopita upande huu. Walikuwa na kituo Kafuro, karibu na makao ya Rumanika, na kutoka hapo walisikia habari za Rwanda bila kuruhusiwa kuingia. Ufalme wa Rwanda uliwazuia. Kwa hiyo mto Akagera ulikuwa kizuizi cha kisiasa kabla ya kuwa mandhari ya kuvutia. Wahenga walisema msafiri masikini ajapokuwa sultani: bunduki na shanga hazikumfaa mtu aliyenyimwa ruhusa na mtumbwi wa kuvukia.

Stanley alifika Karagwe mapema mwaka 1876 akiwa na mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande ili ichukuliwe na wapagazi. Kwa mashua hiyo alikuwa ameshalizunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875. Aliingia nayo katika maji ya Kagera na maziwa yake, na mto akaupa jina la Alexandra Nile, ambalo halikudumu. Katika vitabu vya safari, mashua hiyo huonekana kana kwamba ilijiendesha. Kwa hakika aliyeongoza mabaharia wake alikuwa Uledi, mmoja wa watu mashuhuri wa msafara ule, na wapiga makasia walikuwa watu waliosajiliwa Unguja. Huenda hakuna mfano ulio wazi zaidi wa hali ya safari za wakati huo kuliko chombo cha majini kilichovuka mamia ya kilomita za nchi kavu juu ya mabega ya watu.

Misafara iliyofuata ilikuwa ya Kijerumani kwa bendera, lakini lugha yake ya ndani ilibaki ileile. Oscar Baumann alipita Burundi na kugusa kusini mwa Rwanda mwaka 1892. Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893, akavuka Kagera mwezi Mei 1894, na kukutana na Mwami Kigeri IV Rwabugiri huko Kageyo. Richard Kandt alifuata mkondo wa Kagera na Nyabarongo kutafuta chanzo cha Nili, na mwaka 1898 akakitaja kuwa chemchemi ya Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Mwaka 1907, akiwa Mkazi wa Kijerumani, aliweka makao Kigali. Nyumba inayohusishwa naye leo ni makumbusho. Mji ulianza na safari, na safari hiyo ilikuwa na Kiswahili ndani yake. Wafanyabiashara, askari na makarani Waislamu waliokuja na utawala mpya walianzisha makazi ambayo baadaye, enzi ya Ubelgiji, yalijulikana kama kambi ya Waswahili. Hadi leo Biryogo na Nyamirambo hutambulika kwa urithi huo.

Alama za kazi hiyo zilibaki katika Kinyarwanda. Umusirikare, yaani askari, ni ndugu wa neno serikali. Gupagasa, yaani kwenda mbali kutafuta kazi ya ujira, linasikika waziwazi karibu na upagazi na mpagazi, na lilitumika sana kwa Wanyarwanda waliokwenda kufanya kazi Uganda wakati wa ukoloni. Ihema limeshatajwa. Maneno haya matatu yana jambo moja la pamoja: yote yanatoka upande wa mchukuzi, mlinzi na mpiga hema. Msamiati wa burudani haumo.

3.0 Ubwato, icyambu na umusare

Picha ya leo ya safari ya mtoni ni ya mtu anayeteremka na mkondo, akipiga kafi polepole huku akitazama kingo. Kihistoria, safari kwenye Akagera na Nyabarongo ilikuwa hasa ya kuvuka. Maporomoko ya Rusumo, mabwawa ya mafunjo na mikondo inayopinda havikuruhusu mto kuwa barabara ndefu ya majini. Wasafiri waliufuata kwa miguu wakipita vilimani, wakateremka kwenye kivuko, wakavushwa, wakapanda upande wa pili. Uwezo wa kuvusha ulikuwa mamlaka.

Kinyarwanda kina msamiati kamili wa shughuli hii. Mtumbwi ni ubwato, kafi ni ingashya, mahali pa kuvukia ni icyambu, na mvushaji ni umusare. Ubwato si neno la Rwanda peke yake. Ni neno la zamani la Kibantu: Kirundi kina ubwato, Kihaya kina obwato, Luganda lina eryato, na Kilingala, maelfu ya kilomita kwenye Mto Kongo, kina bwato. Kiswahili cha pwani kilichukua njia nyingine, kikatumia mtumbwi kwa chombo cha gogo lililochongwa, na kikajaza bahari kwa majina ya vyombo vingine: ngalawa, dau, mashua, hori, jahazi. Kwa hiyo wapagazi wa pwani walipofika Akagera hawakukuta watu wasiojua majini. Walikuta mabaharia wa aina nyingine, wenye jina la chombo la kale na lililoenea kuliko lao.

Umuhimu wa kuvuka ulifika hadi kwenye itikadi ya ufalme. Kwa taratibu za kiti cha enzi cha Rwanda, mwami mwenye jina la kifalme la Yuhi hakutakiwa kuvuka Nyabarongo. Yuhi V Musinga, aliyetawala kuanzia mwaka 1896 hadi alipoondolewa na Wabelgiji mwaka 1931, alikuwa chini ya mwiko huo, ilhali Kandt aliweka makao yake ya utawala Kigali, upande wa pili wa mto kutoka Nyanza alikokuwa mwami. Mtazamaji wa leo aonaye Nyabarongo kutoka kwenye daraja la barabara kuu huona maji mekundu ya udongo. Kwa mahakama ya kifalme, maji hayo yalikuwa mstari wa sheria.

Ndiyo maana istilahi za utalii wa mto hazipaswi kuchukuliwa kama orodha ya maneno mapya. Mtalii anayeteremka leo katika Mto Mukungwa, unaotoka Ziwa Ruhondo na kuingia Nyabarongo, huketi katika kayaki ya plastiki, na neno kayaki linafaa kwa chombo hicho. Lakini mtu anayemwongoza amesimama katika nafasi ya umusare, na nafasi hiyo ina historia ndefu kuliko hoteli yoyote ya Rwanda.

4.0 Kutoka mpagazi hadi mtalii

Neno safari lilianza kuhamia katika Kiingereza kupitia maandishi ya wasafiri kama Richard Burton, ambaye kitabu chake kuhusu maziwa ya Afrika ya Kati kilitoka mwaka 1860. Katika hatua hiyo bado lilimaanisha msafara. Mabadiliko ya maana yalikuja na uwindaji. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani nchini Marekani, alishuka Mombasa na kuanza ziara iliyofadhiliwa kwa sehemu na Taasisi ya Smithsonian. Yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500. Maandishi yake yalisomwa na umma mkubwa wa Marekani, na neno safari likashikamana na bunduki, hema la turubai na msururu wa wapagazi. Wapagazi walibaki katika picha, lakini maana ya neno ilihamia kwa mwindaji. Safari ikawa kitu anachokwenda yeye, na wao wakawa sehemu ya vifaa vyake.

Rwanda ilikuwa na mfano wake wa mpito huo. Mwaka 1907 hadi 1908, Adolf Friedrich, wa ukoo wa kitawala wa Mecklenburg, aliongoza msafara wa kisayansi uliopita Rwanda na kutembelea makao ya Musinga. Msafara huo ulikusanya mimea, wanyama na vipimo vya watu, na uliwinda pia. Sayansi, uwindaji na ziara ya heshima vilisafiri pamoja, vikichukuliwa na mabega yaleyale.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuweka mipaka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji ziligawana eneo hilo kwa mapatano ya mwaka 1919, na sehemu ya mashariki ya Rwanda, pamoja na Gisaka na Mubari, ikaingizwa upande wa Waingereza, ambao walikuwa wakifikiria reli ya kutoka Rasi hadi Kairo. Baada ya malalamiko, eneo hilo lilirudishwa chini ya usimamizi wa Ubelgiji mwanzoni mwa mwaka 1924, na mto ukawa mpaka. Miaka kumi baadaye, mwaka 1934, utawala wa Ubelgiji ulitangaza Hifadhi ya Taifa ya Kagera katika eneo la takribani kilomita za mraba 2,500. Mwaka uliotangulia, mkataba wa London wa 1933 ulikuwa umeyataka madola ya kikoloni kuanzisha maeneo ya aina hiyo barani Afrika.

Kwa lugha ya hifadhi, ardhi hiyo ilikuwa pori. Kwa historia, ilikuwa Mubari, mojawapo ya falme za kale za eneo hilo, iliyopungukiwa na watu na mifugo kwa sababu zinazofahamika: vita vya upanuzi wa ufalme, sotoka iliyoua ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, njaa, na mbung'o anayeeneza malale. Utupu aliouona afisa wa kikoloni ulikuwa matokeo ya matukio. Kiswahili kinaweza kusaidia kulisema hili kwa usahihi, kwa kuwa kina maneno kadhaa yasiyolingana. Nyika ni nchi kavu ya vichaka. Mbuga ni uwanda wa majani, mara nyingi wenye kujaa maji. Pori ni mahali pasipolimwa. Hifadhi ni tendo la kulinda, na kila tendo lina mtendaji na tarehe. Kuita Akagera hifadhi ni kukubali kwamba kuna aliyeamua. Kuiita pori tu ni kuufuta uamuzi huo.

5.0 Mto wenye kumbukumbu

Historia ya safari za Akagera haiwezi kuandikwa kama historia ya wanyama na wageni pekee. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alitoa hotuba huko Kabaya ambamo alizungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo. Nyabarongo haipitiki kwa vyombo hadi Ethiopia, na wasikilizaji walijua. Lugha ya safari ya mtoni ilitumika kuficha, na wakati huohuo kutangaza, wito wa kuua. Mugesera alihukumiwa nchini Rwanda kifungo cha maisha mwaka 2016.

Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, miili ya waliouawa ilitupwa mtoni kwa wingi. Ilipita Rusumo, ikapita kando ya hifadhi, ikafika Ziwa Viktoria. Wavuvi na wanakijiji wa Uganda waliitoa majini na kuizika. Zaidi ya watu 10,000 wamezikwa katika makaburi ya kumbukumbu ya Kasensero, Lambu na Ggolo. Hivyo mto uleule uliounganisha mafunjo na viboko katika picha za wageni ulibeba pia ushahidi kutoka nchi moja hadi nyingine, na waliouopoa ushahidi huo walikuwa watu wa mitumbwi.

Baada ya mwaka 1994, maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa wameishi uhamishoni kwa miongo walirudi wakiwa na ng'ombe. Sehemu kubwa ya hifadhi iligawiwa kwa makazi na malisho, na mwaka 1997 eneo lake rasmi lilipunguzwa hadi takribani kilomita za mraba 1,120. Uamuzi huo mara nyingi huelezwa kama hasara ya uhifadhi. Hasara ilikuwapo: simba walitoweka, na faru pia. Lakini uamuzi huo ulikuwa pia jibu kwa haki ya watu kurudi. Mwongozaji anayemweleza mgeni kwa nini mpaka wa hifadhi uko pale ulipo anahitaji lugha inayoweza kubeba mambo yote mawili bila kulipunguza lolote.

6.0 Akagera ya leo na lugha ya mwongozo

Tangu mwaka 2010, hifadhi inasimamiwa kwa ubia kati ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda na shirika la African Parks. Uzio wa umeme wa takribani kilomita 120 ulikamilika mwaka 2013. Simba saba waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, faru weusi 18 mwaka 2017, na faru weupe 30 mwaka 2021. Zaidi ya aina 480 za ndege zimeorodheshwa, na mashua za Ziwa Ihema ni miongoni mwa vivutio vikuu. Wavuvi wa ushirika wa eneo hilo wana nafasi yao katika ziwa, na vijana wa vijiji jirani wamefunzwa kuwa waongozaji.

Ng'ambo ya mto mambo nayo yamebadilika. Mwaka 2019 Tanzania iliyapandisha hadhi mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo, Kimisi, Ibanda na Rumanyika, zikazaliwa hifadhi za taifa za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ya mwisho inabeba jina la mtawala aliyewapokea Speke na Stanley. Sasa bonde lina hifadhi za taifa pande zote mbili za mpaka. Katika hifadhi za Tanzania, Kiswahili ni lugha ya kawaida ya kazi. Upande wa Rwanda, Kiswahili ni lugha rasmi, lakini Kiingereza na Kifaransa ndizo lugha ambazo soko la kimataifa la utalii limezizoea.

Hapa ndipo historia inapokuwa suala la sera. Wanafunzi wa Ngara, Karagwe, Kirundo, Kayonza na Isingiro wanaishi katika bonde moja. Wakifika mtoni kama wageni, ni nani atakayewaeleza mto, na kwa lugha gani? Kama lugha hiyo ni Kiswahili kilichotafsiriwa kutoka kwenye vipeperushi vya Kiingereza, watapokea neno safari lenye maana ya Roosevelt. Kama ni Kiswahili kilichokusanywa mtoni, watapokea maana ya Uledi.

Mapendekezo matatu yanatokana na mjadala huu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ishirikiane na vyombo vya lugha vya Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania kukusanya istilahi za mto kutoka kwa wavuvi na wavushaji, ikiorodhesha kwa pamoja jozi kama kivuko na icyambu, kafi na ingashya, mvushaji na umusare. Pale ambapo Kiswahili hakina neno linalotosheleza, neno la jirani lipokelewe, kama Kinyarwanda kilivyopokea hema. Pili, umahiri wa Kiswahili utambuliwe katika mafunzo na malipo ya waongozaji wa upande wa Rwanda, kwa kuwa ujuzi wa lugha usiolipwa huachwa. Tatu, maelezo yanayotolewa kwa wageni majini yawe na sehemu ya historia: wapagazi, vivuko, Mubari, mpaka wa mwaka 1924, mwaka 1994 na mwaka 1997. Maelezo ya 1994 yaandaliwe pamoja na taasisi za kumbukumbu za Rwanda na Uganda, kwa lugha ya staha, ili mgeni asipite juu ya maji hayo bila kujua.

Inaweza kusemwa kwamba mtalii huja kupumzika na hataki kulemewa na historia. Hoja hii inamhusu mtalii wa aina moja. Mgeni kutoka ndani ya Afrika Mashariki, ambaye Jumuiya inamhimiza atembelee nchi jirani, ana jamaa na kumbukumbu katika bonde hili. Kwake, kuficha historia si huduma. Aidha, uzoefu wa maeneo ya kumbukumbu ya Kigali unaonesha kwamba wageni wa mataifa mengi wako tayari kusikiliza mambo mazito yanapoelezwa kwa ukweli na heshima.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia safari ya neno safari kutoka begani mwa mpagazi hadi kwenye mashua ya mtalii. Yameonesha kwamba Kiswahili na Kinyarwanda vilikutana Akagera kupitia kazi, na kwamba maneno kama ihema, gupagasa na umusirikare ni hati za makutano hayo. Yameonesha pia kwamba safari ya mtoni katika Rwanda ilikuwa hasa safari ya kuvuka, iliyosimamiwa na wavushaji wenye ujuzi na na watawala wenye mamlaka, na kwamba dhana ya pori tupu haikubaliani na historia ya Mubari wala ya mto wenyewe.

Nafasi ya Kiswahili nchini Rwanda, kwa hiyo, haina haja ya kutetewa kwa faida ya soko peke yake. Lugha hii ina madai ya kihistoria katika bonde la Akagera, madai yanayoambatana na wajibu. Aliyekuja na hema akalipa ziwa jina anadaiwa pia kuwataja waliolibeba, waliowavusha, na waliobebwa na mto bila kuzikwa na ndugu zao. Sera ya lugha itakayoweka majina hayo midomoni mwa waongozaji itakuwa imeirudishia safari maana yake.